Kiwanda Kilifungwa Mwaka 1980, Gari Bado Linawaka. Na Programu Yako?

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Nilikuwa chini ya gari! Leo naomba mniruhusu niweke kando mambo ya seva na simu, niwaambie habari za magari ya kale. Msikimbie... nitarudi kwenye tarakilishi kabla ya kumaliza, tena nitarudi na aibu yangu mwenyewe mkononi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watu kama kumi na wawili hukutana nyuma ya gereji moja hapa Nairobi. Tuna klabu ndogo ya magari ya spoti ya Kiingereza: MG, Triumph, Austin-Healey, na Jaguar moja ambayo bado hatujaiona ikifika kwa nguvu zake yenyewe. Mimi nina MGB ya mwaka 1969. Nilipoinunua, bodi ilikuwa imeegeshwa chini ya mwembe na injini ilikuwa ndani ya makatoni manne. Mke wangu alitazama makatoni yale, akanitazama mimi, akaingia ndani bila kusema neno. Ilinichukua miaka mitatu kuliwasha.

Siku ya kukutana tunachagua gari moja, tunaliita gari la zamu. Linapandishwa juu ya stendi, chai inamiminwa, mandazi yanafunguliwa, na kila mtu anatoa maoni yake kuhusu ugonjwa wa gari. Mara mbili tatu kwa mwaka tunafanya safari, aghalabu kwenda Naivasha na kurudi. Wachache wetu wenye moyo huosha magari yao hadi chini ya mataruma kisha wakayapeleka kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Mimi sijathubutu. Waamuzi wale huangalia hata mahali ambapo mwenye gari hajawahi kuangalia.

Sasa, kwa nini ninaandika haya hapa, mahali pa habari za teknolojia? Kwa sababu kuna jambo limekuwa likinisumbua tangu niwashe gari lile.

MG ni kifupi cha Morris Garages, gereji ya kule Oxford ambako jina hilo lilizaliwa miaka ya 1920. MGB ilianza kutengenezwa mwaka 1962 katika kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, na yakatoka zaidi ya nusu milioni kabla ya kiwanda hicho kufungwa Oktoba 1980. Wafanyakazi walirudi nyumbani. Kampuni mama nayo ilibadilisha majina na wenyewe mara kadhaa, na leo jina la MG liko mikononi mwa Wachina. Kwa maneno mengine, aliyetengeneza gari langu hayupo. Sina pa kupiga simu kulalamika.

Hata hivyo gari linawaka! Nikihitaji gasketi ya kichwa cha silinda, ipo. Nikihitaji shafti, klachi, taa ya nyuma, hata kitasa cha mlango, nitakipata. Na si hayo tu. Tangu mwaka 1988 unaweza kununua bodi nzima mpya ya MGB, iliyokandamizwa kwa mashine za kiwandani zile zile za asili ambazo watu walizitafuta na kuzikusanya upya. Fikiria hilo: kiwanda kimekufa, lakini mifupa ya gari bado inazaliwa.

Halafu nikafikiria programu za kompyuta nilizowahi kuandika. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Kampuni ngapi ndogo za programu nimeziona zikifungwa hapa mjini? Na siku zilipofungwa, ni programu ngapi zilizobaki hai? Naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Basi nimejiuliza: gari hili lina nini ambacho kazi yangu haina? Nimepata majibu matatu.

La kwanza ni karatasi. Gari hili lina kitabu cha gereji, na kitabu hicho hakikufichwa. Kilichapishwa na kuuzwa, na hadi leo kinachapishwa. Ndani yake utakuta kila kipimo: pengo la plagi, pengo la pointi za distribyuta, nguvu ya kukaza kila boliti, na mpangilio wa kila waya. Na waya zenyewe zinazungumza. Waingereza walikubaliana juu ya rangi za waya za magari, na rangi hizo zilitumika kwenye MG, Triumph, Jaguar na Land Rover. Kahawia ni moto unaotoka betri moja kwa moja. Nyeupe ni moto unaokuja ukifungua swichi ya funguo. Kijani ni ule ule wa funguo lakini umepita kwenye fyuzi. Zambarau umepita kwenye fyuzi bila kupitia funguo. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi inarudi kwenye bodi.

Mwaka juzi tulikuwa tunarudi kutoka Naivasha. Mvua ikatukuta tukipanda mlima, na kwa ghafla vifuta-maji vya kioo vikasimama. Indiketa hazifanyi kazi. Geji ya mafuta imelala chini. Taa za breki hakuna. Injini yenyewe inanguruma vizuri kabisa! Nikaegesha kando nikampigia simu Mzee wetu (nitawaeleza habari zake hivi punde). Hakuniuliza gari liko wapi wala nina vyombo gani.

"Kijana, vitu vilivyokufa, waya zake zina rangi gani?"

"Kijani, Mzee. Nyingine kijani zenye mstari."

"Basi hakuna vitu vinne vilivyokufa. Kimekufa kimoja. Fungua kisanduku cha fyuzi, itoe ile ya kijani, ikwangue ncha zake na kule inakokaa, irudishe. Utanipigia ukifika nyumbani."

Nilikwangua kwa ncha ya kisu. Vifuta-maji vikaamka hata kabla sijafunga bonneti. Wasomaji wapendwa, mtu aliye kilomita sitini alitengeneza gari asiloliona, kwa sababu zaidi ya miaka hamsini iliyopita mtu fulani aliheshimu rangi ya waya. Mimi nimewahi kuandika programu yenye vigeu vinavyoitwa x1, x2 na temp3. Mwezi mmoja baadaye sikuweza kuisoma mimi mwenyewe.

Jibu la pili ni vipimo vya pamoja. Zamani kila karakana ya Uingereza ilikata nyuzi za boliti zake ipendavyo. Boliti ya karakana moja haikuingia kwenye nati ya nyingine. Mwaka 1841 Joseph Whitworth akapendekeza kipimo kimoja cha nyuzi, na nchi ikamfuata polepole. Baada ya vita vikuu vya pili, mwaka 1948, Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana nyuzi za pamoja, maana vitani walikuwa wameona gharama ya kutengeneza mashine kwa boliti zisizolingana. Boliti nyingi za MGB ni za mapatano hayo. Ndiyo maana naweza kuingia duka la boliti popote duniani penye kuuza vipimo vya inchi, nikatoka na kinachoingia.

Angalizo kwa mwenye kuanza: usitumie spana za milimita! Nati nyingi za gari hili huhitaji spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia, itakudanganya kwamba inatosha, kisha itaila nati kona zote hadi iwe mviringo. Nimefanya kosa hilo mara tatu. Na ni kosa lile lile tunalofanya kwenye programu tunapochukua kitu "kinachokaribia kutosha" halafu tukakaza kwa nguvu.

Jibu la tatu ni watu wanaokutana. Hapa ndipo ninapofika kwa Mzee.

Mzee alianza kazi akiwa spana boi kwenye gereji moja ya Nairobi miaka ya 1960, wakati magari haya yakiwa mapya. Tusidanganyane kuhusu historia hii. MGB ilitoka mwaka mmoja kabla ya Uhuru wetu, na wenye kuiendesha hapa hawakuwa watu wa kijijini kwetu. Waliokuwa chini yake, wenye mafuta hadi viwikoni, ndio waliokuwa watu wetu. Mzee hajawahi kumiliki gari hata moja la aina hii. Lakini hakuna gari katika klabu yetu ambalo mkono wake haujaingia.

Magari haya yana kabureta za SU, mara nyingi mbili mbili. Ni kifaa cha ajabu kwa urahisi wake. Ndani kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kufuatana na hewa injini inayovuta, na chini ya pistoni kuna sindano nyembamba yenye kuchongoka, imeingia kwenye tundu la mafuta. Pistoni ikipanda, sindano hupanda, tundu hufunguka zaidi, mafuta huongezeka. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, na bado inapima.

Kuirekebisha ni kwa masikio. Injini ikiwa moto na ikinguruma polepole bila kukanyagwa, unainua pistoni kidogo mno, kama milimita 0.8 hivi, kisha unasikiliza. Mwendo ukiongezeka na kubaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikiyumba na kutaka kuzimika, mafuta ni machache. Ikiongezeka kidogo kisha ikatulia pale pale ilipokuwa, umefika. Unageuza nati iliyo chini ya kabureta upande mmoja kwa wakati mmoja, unasikiliza tena. Hapa Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari lililorekebishwa Mombasa likifika huku hula mafuta kupita kiasi na plagi huwa nyeusi kama sufuria ya githeri. Mzee anajua ni kiasi gani cha kupunguza bila kufungua kitabu.

Ukitaka kanuni safi ya kuwafurahisha waandishi wa programu, basi sikiliza jinsi ya kupima valvu za injini hii. Valvu ni nane kwa mstari. Valvu hupimwa ikiwa imefungwa kabisa, sasa utajuaje? Tafuta iliyofunguka kabisa, toa namba yake kutoka tisa, jibu ndiyo valvu ya kupima. Ya nane ikiwa wazi, pima ya kwanza. Ya tatu ikiwa wazi, pima ya sita. Mstari mmoja wa msimbo! Mzee alifundishwa hivyo na fundi wake, naye akanifundisha mimi.

Kwa majivuno yangu ya kisasa nikaandika programu ndogo ya simu ya kupima mwendo wa injini kwa sauti. Hesabu yenyewe si ngumu: injini ya silinda nne huwasha mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 800 kwa dakika ni mipigo 1,600, yaani kama 27 kwa sekunde. Simu inasikia mipigo, inagawanya, inakupa namba. Nikaileta Jumamosi moja nikaiweka juu ya bonneti. Mzee akiwa na kikombe chake cha chai akasema, "Hiyo ni mia tisa kasoro." Simu ikafikiri sekunde tatu ikaandika 890. Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mimi nilicheka pia, lakini njiani kurudi nyumbani sikuwa nikicheka. Simu yangu inajua namba. Haijui kwamba mlio ule mkavu upande wa nyuma ni kabureta ya pili inayovuta hewa pembeni. Yeye anajua, na mikono yake imeanza kutetemeka.

Sasa aibu yangu niliyowaahidi.

Mwaka 2008, nikiwa kijana mwenye haraka, niliandikia chama kimoja cha ushirika wa maziwa programu ya kurekodi kilo za kila mkulima na kukokotoa malipo ya mwezi. Ilikuwa kazi nzuri, nasema hivyo bila haya. Ilikata gharama za chakula cha ng'ombe, usafiri na mikopo, ikachapa hati za malipo, na karani aliyekuwa akikesha na kikokotoo sasa alilala. Lakini niliifunga. Niliogopa wataniibia kazi, kwa hiyo programu ilikagua namba ya diski ya kompyuta ile, na ikihamishwa popote pengine ilikataa kufunguka. Nywila ya hifadhidata niliijua mimi peke yangu. Maelezo ya kukokotoa sikuyaandika popote. Yalikuwa ndani ya msimbo, na msimbo ulikuwa kwenye kompyuta yangu ya mkononi.

Miaka sita baadaye umeme ulikuja kwa kishindo ukaichoma kompyuta yao. Nakala ya akiba walikuwa nayo, kwenye flashi, kama nilivyowafundisha. Wakanunua kompyuta mpya, wakaiweka programu, ikakataa. Wakanipigia. Nilikuwa nje ya nchi kwa kazi ya mkataba, na ile kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imeibiwa mwaka mmoja kabla, na msimbo ndani yake.

Ulikuwa mwezi wa Januari. Mnajua Januari ilivyo hapa kwetu, karo, sare, vitabu. Wakulima walichelewa kulipwa kwa wiki saba. Mama mmoja ambaye ananifahamu tangu utotoni alipata namba yangu, akanipigia na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, eti maziwa yangu yamefungiwa ndani ya mashine yako?"

Sikuwa na jibu. Sina jibu hadi leo.

Walichofanya hatimaye ni kurudi kwenye daftari za kaunta, zile za kabla yangu. Karani alifungua ukurasa wa kwanza, akakuta mtu aliyemtangulia ameandika kwa kalamu jinsi kila makato yanavyofanywa. Daftari lilikuwa na maelezo. Programu yangu haikuwa nayo. Daftari liliishi, programu ikafa, na aliyeiua ni mimi.

Najua mtakayoniambia, maana nimeshaambiwa. Wa kwanza atasema magari ya kale ni mchezo wa wenye pesa. Ni kweli kiasi. Spea nyingi tunaagiza Uingereza, na ukilipa usafiri na ushuru unaweza kulia. Lakini si kila kitu kinaagizwa. Bomba za raba, beringi na mikanda tunavipata kwenye maduka ya Kirinyaga Road ukienda na sampuli mkononi, na mafundi wa jua kali wametutengenezea vitu ambavyo Abingdon wenyewe wangevipigia makofi. Hayo yanawezekana kwa sababu gari linajieleza. Fundi akilifungua analielewa.

Wa pili atasema gari la kale ni hatari, halina mifuko ya hewa, linatoa moshi. Kweli pia. Sisemi sote tuendeshe MGB kwenda kazini. Sitamani breki za mwaka 1969 kwenye barabara ya Thika saa kumi na mbili jioni. Ninachokitamani ni tabia, si gari. Magari ya leo ni bora kwa karibu kila kipimo, isipokuwa kimoja: mengi yamefunga maarifa yake ndani ya kompyuta ambazo mwenye gari haruhusiwi kuzifungua. Wakulima wa Marekani wamegombana miaka mingi na watengenezaji wa matrekta kwa sababu hiyo hiyo, hadi jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka 2023 ya kuwapa wakulima haki ya kupata vifaa na maelezo ya kutengeneza mashine zao. Trekta lako mwenyewe, shambani mwako, na bado unahitaji sheria ili ulifungue!

Wa tatu, mwandishi wa programu mwenzangu, atasema programu si gari. Programu ya zamani iliyounganishwa na intaneti ni mlango wazi kwa wezi. Ndiyo. Na hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuacha maelezo, ili mtu mwingine aweze kuziba tundu wewe ukiwa haupo. Kufunga msimbo hakumzuii mwizi. Kunamzuia fundi.

Na wa nne, huyu namwelewa kuliko wote, atasema, "Nikitoa siri zangu nitakula nini?" Nilisema hivyo hivyo mwaka 2008. Mjibu ni Mzee. Amefundisha kila mtu kila anachokijua, bila kuficha kitu, kwa zaidi ya miaka hamsini. Je, hatafutwi? Simu yake hailali! Anayetoa maarifa ndiye anayeaminiwa, na anayeaminiwa ndiye anayeitwa. Mimi niliyeficha, chama kile hakijaniita tena.

Lakini hapa pia klabu yetu ina aibu yake, na siwezi kuwasema wengine nikainyamazia. Kanuni zetu zinasema mwanachama ni mwenye gari. Mzee hana gari. Kwa hiyo mtu ambaye bila yeye nusu ya magari yetu yangekuwa mabanda ya kuku, kwenye daftari letu ni "mgeni". Hana kura. Tukimpa kitu, tunampa kama bakshishi ya siku. Mwezi uliopita nilitoa hoja kwamba awe mwanachama kamili, asilipe ada, na kila siku ya zamu alipwe kiwango kinachojulikana kama mwalimu. Wengine waliunga mkono. Wengine wakasema tukibadilisha kanuni kwa mmoja tutaibadilisha kwa wote. Mmoja akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba Mzee mwenyewe hajalalamika. Hapana, hajalalamika. Watu wa kizazi chake hawakufundishwa kulalamika mbele ya wenye magari.

Kura ni Jumamosi ijayo. Msimamo wangu ni huu: klabu isiyomtambua anayejua, ikamtambua anayemiliki tu, inafanya kosa lile lile la programu iliyofungwa. Inadhani chuma ndicho kilicholiweka gari hai. Vilivyoliweka hai ni karatasi, vipimo vya pamoja, na watu kama yeye. Karatasi zipo, vipimo vipo. Watu hawachapishwi upya kwa mashine za mwaka 1988.

Kwa upande wetu sisi waandishi wa programu, nawaomba mambo manne, na nimeanza kuyafanya mwenyewe. Moja, usipokee malipo ya mwisho kabla hujakabidhi kitabu cha maelezo, hata kama ni kurasa tano. Mbili, data ya mteja iweze kutoka kwa muundo wa kawaida ambao hata programu ya lahajedwali itaufungua. Tatu, acha msimbo na nywila mahali ambapo mteja anaweza kuvifikia ukifa, ukihama au ukigombana naye. Nne, mtafute mtu mmoja umfundishe hadi aweze kuiwasha bila wewe. Si maneno makubwa. Ni rangi za waya tu.

Nami nimeandika upya ile programu ya maziwa, usiku usiku, kwa miezi minne. Haina kufuli. Ina kitabu cha kurasa 31 kwa Kiswahili, na ukurasa wa kwanza nimenakili kanuni za makato kutoka daftari lile la kaunta, neno kwa neno. Jumapili ijayo nitaipeleka. Sijui kama wataipokea, na wakikataa wana haki. Nitapita kwa yule mama kwanza.

Jumamosi zinazofuata, kura iende itakavyokwenda, nitakaa na Mzee nikiwa na kinasa sauti na daftari. Tutaanza na kabureta, halafu breki, halafu milio yote anayoijua. Amekubali kwa sharti moja, kwamba niache kumletea ile simu.

Kwa leo naishia hapa. Kabla hujaondoka, hebu jiulize: programu ya mwisho uliyoiandika, ni nani mwingine anayeweza kuiwasha kesho asubuhi bila kukupigia simu? Kama jibu ni hakuna, basi bado hujaimaliza.